Kizuka Haongei na Daktari

Jumatatu, 23 Machi

Idi imepita nimeisikia kwa masikio tu. Takbiri za msikitini, watoto wa jirani na filimbi zao, harufu ya pilau kutoka kila nyumba isipokuwa hii. Mimi ni kizuka. Tangu mume wangu Majaliwa azikwe mwezi wa Februari nimo chumbani na ukumbini, nguo nyeupe, bila wanja, bila hina, bila mafuta ya kunukia. Kioo cha kabati kimefunikwa kanga, maana wifi yangu anasema kizuka hajitazami. Nikamwuliza imeandikwa wapi. Kasema aliambiwa na bibi yake.

Wifi Mwaija ni dada mkubwa wa marehemu. Katoka kwake Ubena kuja hapa Bagamoyo kunikalisha eda, yaani kunilinda. Simu yangu anayo yeye, kwa sababu kizuka haongei na wanaume wasio maharimu zake, na huwezi kujua nani anapiga. Usiku anatandika mkeka mlangoni pangu. Nikienda chooni anakohoa, nijue yu macho.

Naandika kwenye daftari la Jiografia la binti yangu Naila, aliyeliacha nusu tupu akarudi bweni. Nikikaa hivi hivi bila kazi nitapasuka. Leo masika yameanza. Na juu ya mguu wa kushoto nina doa jipya, rangi ya zambarau iliyoiva. Haliumi.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Maharage. Mvua.

Jumapili, 29 Machi

Doa limezaa. Mengine yamepanda mpaka kwenye muundi, na ulimi wangu umegundua kitu kaakaani, kama kunde iliyonasa ikakataa kutoka. Kioo kimefunikwa, kwa hiyo sijui kikoje. Nimemwonyesha wifi doa moja tu.

"Hilo fukuto la eda," kasema. "Mimi nilipokaa eda ya mume wangu nilitoka majipu makwapani. Ukitoka tu, linaondoka lenyewe."

Kanipa mafuta ya nyonyo nipake. Nimepaka, nimeteleza, nimegombana na ndala zangu.

Nimekonda pia. Nguo nyeupe waliyonikatia Februari sasa naizungusha mara mbili. Wanawake wanaokuja kunipa pole wananitazama na kutikisa vichwa: maskini, kampenda mumewe! Nawaacha waamini.

Jumatano, 1 Aprili

Adila kaja. Ni muuguzi wa kituo cha afya, mtoto wa mtaa huu huu, nimembeba mgongoni. Wifi hakuwa na sababu ya kumzuia, mwanamke mwenzetu. Alipokwenda kutia chai, Adila akautazama mguu wangu, kisha akaomba nifungue kinywa. Alimulika na simu yake. Alikuwa akitabasamu, akaacha.

"Shikamoo nimeshakupa, Bi Hafidha. Sasa nipe kidole."

Kipimo alikuwa nacho mkobani. Tulikaa kusubiri, mvua inapiga bati, wifi jikoni anagombana na kuni mbichi.

Nina virusi vya Ukimwi. Nimeandika nione kama mkono utakataa. Haukukataa.

Adila hakusema neno juu ya Majaliwa, nami sikuuliza. Majaliwa alikuwa na duka la vipuri Chalinze, kule malori yanakolala, na kwa wiki alilala huko zaidi kuliko hapa. Tuliambiwa kafa kwa presha iliyomshukia mapafuni. Kizuka kazi yake ni kumwombea marehemu. Hakuna aliyenifundisha kizuka akimkasirikia marehemu anafanya nini. Leo nilitaka kutoka mvuani nikapige makelele kaburini kwake, na huko ndiko nisikoruhusiwa kwenda.

"Na madoa?" nikauliza.

Akasema anaogopa ni saratani, ile iitwayo Kaposi, inayomwingia mtu kinga yake ya mwili ikishuka sana. Lazima wakate kinyama wakapime. Inatibika, kwa vidonge vya kufubaza virusi na dripu za saratani pamoja. Ikiachwa huingia ndani, mpaka mapafuni.

"Basi nisubiri nitoke eda." Ndiyo, ni mimi niliyesema hivyo, si wifi.

"Bi Hafidha, eda yako inaisha Juni. Ugonjwa huu haujui Juni."

Ijumaa, 3 Aprili

Adila kaleta vidonge, kavificha ndani ya mfuko wa sukari. Nimeviweka kwenye kopo la udi. Kizuka hajifukizi, kwa hiyo hakuna atakayelifungua kopo hilo mpaka Juni. Kimoja kila siku baada ya isha. Nameza huku wifi anavuta uradi.

Jumanne, 7 Aprili

Nimedanganya. Nimesema jino linaniua. Jino wifi analiheshimu, kwa vile la kwake lilimtesa mpaka akalia mbele ya wakwe. Kaniingiza kwenye bajaji, kashusha turubai pande zote, kakaa ubavuni mwangu kama polisi. Hospitalini kabaki kwenye benchi la nje.

Ndani daktari, kijana mwanamume, kaniganzisha mguu na kukata kinyama. Kaniuliza namba ya simu, majibu yakitoka anipigie. Nimempa. Njiani wifi kauliza, mbona shavu halikuvimba? Nikamwambia dawa za siku hizi kali.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua. Simu haijalia, au imelia sikuisikia.

Jumatano, 15 Aprili

Nimetembea kutoka kitandani hadi dirishani mpaka wifi kaniuliza kama natafuta Makka.

Jumatatu, 20 Aprili

Nameza vidonge na madoa yanazidi! Sasa yako pajani, mgongoni nahisi vinundu, na mguu wa kushoto umevimba mpaka soksi inaacha alama. Dawa gani hii ya kunimaliza? Kabla sijaanza kumeza nilikuwa na madoa mguuni tu. Jana nilikishika kidonge, nikakitazama, nikakirudisha koponi. Leo vilevile.

Kila simu ikilia mikononi mwa wifi natega sikio. Anaongea barazani, sauti ya chini, kisha anarudi kuchambua mchele. Namchukia kwa ule mchele wake.

Ijumaa, 24 Aprili

Niandike taratibu.

Adila kaingia adhuhuri, mwavuli umepinduka, hata salamu hakumaliza. "Bi Hafidha, kwa nini umekataa matibabu?"

"Nani kakataa?"

"Daktari kakupigia mara mbili. Majibu yalitoka tangu wiki iliyopita. Kaambiwa kizuka haongei na wanaume, na asithubutu kupiga tena. Leo kaja kuniuliza mimi kama wewe ni mzima kichwani."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la mihogo. Hakukana. Mtu yule hajui kukana.

"Nimemjibu mimi," kasema. "Sauti ya kiume inaniambia 'naomba Hafidha,' hata Bi haitii. Nikamwambia hana haya, mwanamke yumo edani. Nikakata. Akarudia, nikazima simu."

"Wifi, yule ni daktari!"

"Daktari wa jino akutafute mara mbili, kwani jino kalisahau kwako?"

Hapo ndipo nilipovua soksi. Niliuweka mguu juu ya kiti, uvimbe wote, zambarau yote, na nikasema kwa sauti ambayo majirani wanaweza kuwa wameisikia. "Si jino. Ni saratani. Na saratani imenipata kwa sababu nina Ukimwi. Na Ukimwi nimeletewa humu humu ndani, wifi, sikutoka kwenda kuuokota!"

Adila aliinamisha kichwa. Wifi aliweka sinia chini, polepole, kama kwamba lingevunjika.

"Kaka yangu kafa kwa presha," kasema. Kisha akatoka kwenda jikoni na hakurudi. Mihogo ikapoa, hakuna aliyeila.

Adila kanishika mikono. Majibu ndiyo hayo aliyoyahofia. Natakiwa hospitali ya saratani Dar, dripu kila baada ya wiki tatu, sita kwa jumla kwa kuanzia. Nilipomwambia nimeacha vidonge karibu anipige. Kasema madoa kuzidi mwanzoni hutokea: kinga ilikuwa imelala, dawa inaiamsha, na ikiamka inaanza ugomvi na kila inachokikuta. Si dalili ya kuacha. Ni dalili ya kuwahi dripu.

Usiku huu nimemeza. Mlangoni pangu hakuna mtu anayekohoa.

Jumamosi, 25 Aprili

Wifi kaondoka baada ya alfajiri na mkoba wake, hakuaga. Simu yangu kaenda nayo. Najua aendako. Anakwenda Ubena kwa shemeji Ibrahimu, na kabla ya Ijumaa Chalinze nzima itajua kwamba Hafidha kamuua Majaliwa. Mwanamume akifa wa kwanza, ugonjwa hupewa mjane.

Mlango uko wazi. Ningeweza kutoka. Nimesimama kizingitini muda mrefu, matone yananirukia miguuni, halafu nimerudi ndani kukaa. Nimelaani kulindwa miezi yote hii, na leo silindwi nimeshindwa hata kuvuka ngazi.

Jumatatu, 27 Aprili

Karudi! Matope mpaka magotini, buibui limelowa, kakaa chini hata hajavua.

Hakwenda Ubena. Alikwenda Fukayosi, kwa Maalim Rajabu, aliyewasomesha chuoni yeye na Majaliwa wakiwa watoto. Gari liliishia njiani kwa utelezi, akamalizia kwa miguu, akalala kwa binti wa Maalim.

"Sikutaja jina," kasema. "Nimemwuliza tu, Maalim, kizuka akiugua? Maalim kanicheka. Kasema tiba ni dharura, kizuka anatoka mchana kwa haja yake, jua likizama awe nyumbani. Na kuongea na daktari ni katika tiba. Akaniuliza nani kakwambia vingine. Nikashindwa kumwambia ni bibi."

Akatoa simu kifuani, kavu, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, akaniwekea mapajani. "Nimeshampigia yule kijana wako. Nimemtaka radhi. Jumatano tunakwenda Dar."

Nilitaka kumshukuru. Yeye akauliza vidonge viko wapi. Nikamwonyesha kopo la udi. Alilitazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Februari nilimwona wifi Mwaija anacheka.

Juu ya Majaliwa hakusema kitu.

Jumatano, 29 Aprili

Dripu ya kwanza. Jirani katupeleka kwa gari lake. Walianza na sindano za kuzuia mzio, ndipo dawa yenyewe ikaingia tone kwa tone, na mimi mtu nisiyeweza kutulia nikaambiwa nisiutikise mkono. Nilitikisa mguu badala yake. Muuguzi kaniuliza kama nataka kukimbia. Nikamwambia ndiyo.

Kwenye kiti cha pili alikaa mama wa Pangani, naye yumo edani, naye kavaa nyeupe, naye kaletwa na mlinzi wake. Walinzi wetu wawili walijadiliana eda kama mafundi wawili juu ya paa moja. Wa Pangani anasema kioo hakifunikwi. Wifi alikasirika safari nzima ya kurudi. Tumeingia nyumbani kabla ya magharibi.

Jumamosi, 2 Mei

Mifupa yote inauma. Siandiki.

Jumapili, 10 Mei

Nywele zinabaki kwenye mto. Nimejiambia kizuka hasuki, zilikuwa za nini? Halafu nimelia kama mtoto.

Jumatano, 13 Mei

Leo nimekataa. Vidonge, dripu, uji, vyote. Nimesema niacheni nife na eda yangu niwape raha. Mvua haijaacha tangu Jumapili na nimechoka kuisikia.

Wifi sasa ndiye mwenye kopo la udi. Baada ya isha anakuja na kidonge juu ya kisahani na maji, anasimama mpaka nimeze, na ulinzi ule ule wa kuudhi aliokuwa nao kwa simu kauhamishia humo. Leo alisimama, nikageukia ukuta.

"Geuka," kasema.

"Sigeuki."

"Hafidha." Hajawahi kuniita jina tupu. "Mimi nimeacha nyumba yangu kuja kukaa kwa ajili ya ndugu yangu aliyekwisha kufa. Unadhani nitashindwa kukaa kwa ajili yako uliye hai?"

Akakaa kitandani, kisahani mapajani.

"Majaliwa alikuwa na vidonge hivi hivi," kasema. "Nilivikuta mwaka juzi kwenye mfuko wa shati, alipolala kwangu. Kaniambia vya presha. Nikaona heri niamini. Miezi ya mwisho hakuwa navyo tena, na sikuuliza kwa nini. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kwake kimeshafichua. Sasa geuka."

Ina maana alijua! Alijua na akaja kunilinda mimi na sauti za wanaume. Nilitaka kumrushia kile kisahani. Lakini nilimwona analia, na hakufuta, kwa kuwa mikono miwili imeshika kisahani kisimwagike. Nikageuka. Nikameza. Tumekaa mpaka mvua ikapungua, na bado sijui kama nimemsamehe yeye au Majaliwa au nani.

Alhamisi, 21 Mei

Jana dripu ya pili, na mto.

Tulitoka Dar mapema, lakini tulipopita Bunju magari yalikuwa yamesimama mstari mrefu. Maji ya mto Mpiji yamepanda juu ya barabara, hakuna anayevuka. Jua linashuka. Mimi natapika kwenye mfuko, na kitu pekee kinachonitia wazimu ni kwamba wifi anatazama saa.

"Jua linazama na mimi niko nje," nikasema. "Eda imevunjika."

Wifi kashuka mvuani, kapiga hodi nyumba ya kwanza yenye mwanga. Nilimsikia. "Asalaam aleikum, mwenye nyumba. Nina kizuka garini, katoka hospitali. Naomba chumba kisicho na mwanamume, na maji ya moto."

Mama wa watu hakuuliza swali. Kawahamisha wanawe wa kiume kwa jirani, kanitandikia shuka jeupe. Wifi alitoa mkobani kidonge changu na kikombe chetu, kumbe anatembea navyo. Kisha akatandika kanga mlangoni.

"La usiku huu liandikwe juu yangu mimi," kasema. "Siku ya kiama nikiulizwa nitajibu mwenyewe: Ya Rabbi, mto."

Nilicheka mpaka tumbo likauma. Nimelala nyumba ya watu nisiowajua, na tangu Machi sijalala vile.

Jumatano, 27 Mei

Idi ya kuchinja. Nimekula ini. Nimeomba na jingine.

Alhamisi, 4 Juni

Jua siku tatu mfululizo. Kiatu cha kushoto kimeingia. Nimekivaa nikatembea nacho chumbani mpaka wifi kasema nitamaliza soli kabla sijatoka.

Jumatano, 10 Juni

Dripu ya tatu. Daktari wa Dar kaniminya mguu, kamulika kaakaa, kalinganisha na picha za Aprili. Madoa yamelala, yanageuka hudhurungi. Uvimbe umeshuka. Kinga inapanda, polepole.

"Kwa hiyo nimepona?" nikauliza.

"Tuko nusu ya safari, mama."

Nilitaka aape. Hakuapa. Zimebaki tatu, na vidonge ni vya maisha. Njia nzima wifi alikuwa anakunja na kukunjua pindo la mtandio.

Jumatatu, 15 Juni

Nimetoka eda.

Tangu asubuhi mkoba wa wifi ulikuwa mlangoni, umefungwa. Miezi yote nimeomba nione mkoba ule umefungwa, na leo nimeuruka kila nikipita, nikajifanya sijauona.

Wanawake wa mtaa walijaa uani na masufuria. Desturi ni waniogeshe wao, wengi pamoja, nguo nyeupe zivuliwe mbele yao, nivishwe mpya, nitiwe hina. Hicho ndicho nilichokiogopa kuliko mto: mgongo wangu na mapaja yangu mbele ya macho yote yale. Mwenye sauti kubwa kuliko wote, Bi Ashatu, tayari alikuwa na ndoo mkononi.

Wifi kasimama mlangoni pa bafu, mkono huku na mkono huku. "Kizuka wangu namwogesha mwenyewe. Nyie tazameni wali."

"Si desturi hiyo, Mwaija! Kwenu Ubena ndivyo mnavyofanya?"

"Ndivyo alivyosema bibi yangu," kajibu, na akafunga komeo.

Bafuni alimwaga maji mabegani, akasugua mgongo taratibu, akifika kwenye doa anapunguza mkono. Aliyaona yote, yaliyolala na ambayo bado. Alipofika mguuni alikaa chini, akauweka mguu wangu juu ya goti lake, akauosha kidole kwa kidole. Nililia waziwazi, na sikuona haya.

Kanivisha kanga mpya. Chumbani nikaivuta ile kanga ya kioo mwenyewe. Kichwa hakina unywele, mashavu yameingia, na pembeni ya pua kuna doa la hudhurungi ambalo watu wote walikuwa wakiliona isipokuwa mimi.

"Nani huyu?" nikauliza.

"Wifi yangu," kasema.

Hapo simu ikalia kitandani. Mikono yangu ilikuwa imelowa, akaichukua yeye. Nikamsikia anajisafisha koo.

"Haloo? Aleikum salaam, daktari. Yupo, anajifuta. Apime damu Ijumaa ya wiki ijayo? Haya. Na dripu Julai mosi, Jumatano, tunajua. Nani? Mimi? Mimi ndiye ninayemkalisha eda." Akasikiliza. "Hapana, eda ya marehemu imekwisha leo. Hii ya dripu bado."

Akaweka simu. Akaenda mlangoni, akafungua mkoba, akatoa mkeka wake wa usiku.

"Sogea," kasema. "Unanizibia njia."